Waya Kwenye Masale

Mimi hasira zangu ziko karibu. Nasema mapema asije mtu akashangaa huko mbele. Miaka kumi na tisa nilitengeneza mitambo ya redio katika shirika la serikali, mwanamke peke yangu kati ya wanaume kumi na wanne, na mahali kama hapo ukikaa bila hasira wanakugeuza mpika chai. Mwaka tisini na tatu wakaja kutusomea majina kwenye karatasi, tuliopunguzwa tukapewa cheti na mkono wa kwaheri. Nikakodi chumba Elerai, mjini Arusha, kando ya duka la mbolea, nikaandika mlangoni kwa rangi ya bluu: FUNDI WA SIMU ZA UPEPO.

Kazi ilikuwepo. Miaka ile kila mwenye Land Rover mbili alikuwa na kampuni ya kitalii, na kila kampuni ilitaka simu ya upepo, ili dereva aliyekwama kwenye tope huko Serengeti aweze kusema na ofisi. Jina langu lilianza kwenda vizuri mjini. Ukitaka kusikika, walisema, mwite Mama Princess. Princess ni binti yangu. Jina alilichagua baba yake, mimi sikuulizwa.

Ndivyo alivyonipata Stanley wa Maji ya Chai, kule miguuni mwa Mlima Meru. Stanley alikuwa karani wa serikali, akaacha kazi kabla hajaachishwa, akanunua magari mawili mabovu na kuyafufua. Ofisi yake ilikuwa sebule ya nyumba yake, juu kidogo ya soko, kwenye shamba aliloachiwa na baba yake. Kwa juu aliishi kaka yake mkubwa, Abdiel, mkulima wa kahawa na migomba, mzee wa kanisa, mtu wa maneno machache ambayo yote ni mazito. Katikati, kwenye kijumba cha vyumba viwili, aliishi mama yao, Bibi Hanna, aliyekuwa amepita miaka themanini.

Kati ya shamba la juu na la chini kulikuwa na mstari wa masale. Marehemu baba yao aliitoa miche Machame ndani ya gunia, akaipanda kwa mkono wake siku alipowagawia wanawe ardhi. Kwetu Uchagani, na mimi wa Kibosho najihesabu Mchaga hata Wamachame wakisitasita, isale si ua la kupendezesha nyumba. Ni mpaka. Na ukimkosea mtu, unachuma jani lake, unalifunga fundo, unampelekea. Akilipokea hana ruhusa tena ya kuendelea kukasirika.

Nilifunga antena ya Stanley mwezi wa kumi na moja, mwaka tisini na nne. Ilitaka waya wa hatua kumi na nne kila upande wa mlingoti. Upande wa geti nafasi ilitosha. Upande wa juu, kutoka mlingotini hadi kwenye masale, zilikuwa hatua nane tu. Nikapanda kwa Abdiel, nikamwamkia, nikamwomba kwa adabu zote nivushe waya hadi kwenye mti wake mrefu, mgrevilea.

"Mama, nimekusikia," alisema. "Lakini leo ni waya, kesho ni ukuta. Huyu mdogo wangu namjua. Waya ukome kwenye masale."

"Mwache," Stanley akaniambia niliposhuka. "Ufupishe. Wewe si fundi?"

Basi nikaufupisha, pande zote mbili ili zilingane. Waya mfupi unaudanganya kwa koili: unazungusha waya mwingine kwenye kipande cha bomba la maji, unaupachika katikati, na antena inajiona ndefu. Inafanya kazi. Lakini ulaghai huo una gharama yake, na gharama iko mwishoni mwa waya. Umeme ukifika pale hauna pa kwenda, unarundikana kama abiria kwenye geti lililofungwa. Na antena iliyofupishwa kwa koili inaurundika zaidi. Wati mia moja za redio ya Stanley, ambazo ukizitaja mtu anafikiria balbu ya jikoni, pale kwenye ncha zinakuwa volti elfu kadhaa. Ndiyo maana ncha inashikiliwa na kitu kikavu, kirefu na cha kuteleza, na haiachwi iguse chochote. Haya nayajua kama Baba Yetu. Nimeyafundisha vijana ubaoni.

Na pamoja na kuyajua yote hayo, niliifunga ile ncha kwa mpira.

Vikombe vya kaure, vile vya nguzo za simu, vilikuwa vimeniishia, na saa nane nilikuwa nasubiriwa Usa River kwenye shamba la maua. Nikachimbia nguzo palepale kwenye mstari wa masale, nikafunga ncha ya waya kwa mpira wa ndani wa tairi, ule ule tunaofungia mizigo kwenye baiskeli. Nilijiona mjanja. Upepo unaoshuka Meru mchana ukitikisa mlingoti, mpira utavutika na waya hautakatika. Na mpira haupitishi umeme, kila mtoto anajua. Ni kweli kwa mpira safi. Mpira mweusi wa tairi umechanganywa na masizi, na masizi yanapitisha. Hilo pia nilikuwa nalijua. Sijui kama nililisahau au nilijisahaulisha; kwa umri wangu mambo hayo mawili yamekaribiana.

Mwezi wa nne, mvua zikiwa zimeshika, Stanley alikuja Elerai mwenyewe. Hakuketi.

"Simu inakwaruza, Mama Princess. Asubuhi kukiwa na manyunyu ndiyo haisikiki kabisa. Njoo Jumamosi, lakini njoo mapema. Saa nane nina kikao cha ukoo."

"Kikao cha nini tena?"

Akaangalia mlangoni. "Masale yanakufa. Mashina matatu. Kaka anasema ninayamwagia oili chafu ya magari ili mpaka upotee nipate pa kuegesha. Mimi nasema anayachoma mwenyewe kwa majivu ya moto apate kunisingizia. Wazee wanashuka kutoka Machame. Kaka amesema nikionekana nimeugusa mpaka wa baba, hanijui na simjui, hata kwenye mazishi."

Nilimpa pole ya kawaida, ile ya mtu ambaye jambo halimhusu.

Jumamosi nikafika saa tatu. Bibi Hanna alikuwa kibarazani kwake, amejifunga kanga mbili kwa baridi, mbele yake kuna kikombe cha chai ya maziwa kilichokwisha kuganda utando. Nikamwamkia shikamoo mama. Aliitikia marahaba kwa midomo tu.

Agnela, binti anayesema na madereva kwenye simu ya Stanley, alinivuta pembeni. "Hajala tangu Alhamisi, mama. Maji tu. Anasema hatakula cha mwana mmoja huku mwingine hasalimiwi. Tunambembeleza hataki."

Nikaenda kwenye masale, na nilijua kabla sijafika. Mpira ulikuwa umepigwa jua la miezi mitano, umelegea kama soksi kuukuu, na ncha ya waya ilikuwa imelala katikati ya majani. Waya mwembamba, mweusi kwa kutu, kwenye majani yaliyonyauka hauonekani mpaka uutafute. Kila jani lililoguswa lilikuwa na doa dogo jeusi, mfano wa jani lililozimiwa sigara, na kuanzia hapo limekauka. Mashina matatu, sawasawa na pale waya ulipokuwa ukisogezwa na upepo. Agnela aliita magari saa moja asubuhi na saa kumi na mbili jioni, kila siku ya Mungu, na kila alipoita alikuwa anachoma masale ya marehemu bila kujua.

Nilijitukana kwa Kikibosho. Halafu nikageuka kutazama kama kuna mtu ananiona.

Hapakuwa na mtu. Nitasema nilichofanya, sifichi. Nilikata ule mpira nikautia mkobani. Nikafunga vikombe vitatu vya kaure na kamba ndefu ya nailoni, nikaivuta ile nguzo juu, waya ukakaa mbali na majani kwa urefu wa mkono na zaidi. Yale yaliyoungua kabisa nikayang'oa. Nikamwambia Agnela ajaribu, na dereva akajibu kutoka Ndutu, kule Serengeti, sauti safi kama yuko jikoni. Stanley akafurahi, siku ambayo hakuwa na furaha nyingine, akanishika mkono kwa mikono miwili. Nami nikashuka barabarani kusubiri gari la Arusha.

Nilikuwa na sababu zangu. Wenye kampuni za utalii wanakaa meza moja. Neno likipita kwamba Mama Princess anachoma mashamba ya watu, nani atanipigia tena mlango? Isale ni mti mgumu, nikajiambia, utachipua. Na wale ni watu wazima, wazee wao watawapatanisha.

Pale sokoni nikanunua ndizi mbivu kwa mama mmoja mwenye meza kando ya barabara. Aliniona na mkoba wa kazi.

"Umetoka kwa Stanley? Hivi ni kweli anamwagia oili mpaka wa baba yake?"

"Nani kasema?"

"Nani hajasema? Mtu akishapata magari ndivyo anavyokuwa. Leo wanamtenga. Mama wa watu atakufa na njaa kwa ajili ya mwizi wa ardhi."

Niliona aibu mpaka masikio yakapata moto. Kile kikombe chenye utando kilinirudia machoni, na yule bibi anayeitikia kwa midomo. Mwenzangu aliitwa mwizi sokoni kwa sababu ya mpira uliokuwa ndani ya mkoba wangu, nami nilikuwa natafuna ndizi. Gari likaja, kondakta akaniita dada twende. Nikamwambia aende zake, kwa ukali ambao hakuustahili, nikarudi kilimani.

Kikao kilikuwa kimekwisha kuanza, uani kwa Bibi Hanna, wazee wanne kwenye benchi lililoazimwa kanisani. Abdiel alikuwa amesimama, amefungua gazeti lenye majani makavu ya masale. Stanley amekaa kwenye kiti cha plastiki, anaangalia viatu vyake. Bibi Hanna hakuwa ametoka pale kibarazani.

"Shikamooni wazee," nilisema. "Nisameheni kwa kuingilia. Masale hayakuchomwa na Stanley wala Mzee Abdiel. Nimeyachoma mimi, kwa ule waya."

Nikawaeleza. Ncha, koili, mpira, masizi. Walinisikiliza kwa upole, na nilipomaliza Abdiel akacheka kidogo, kicheko kisicho na ubaya, cha mtu aliyeona mengi.

"Mama, wewe ni mtu mzuri. Stanley amekutuma."

"Hajanituma mtu."

"Asubuhi ulikuwa naye. Mmeagana, nimewaona. Sasa umerudi na hadithi. Haya, twende ukatuonyeshe huo waya unaochoma."

Tukaenda wote. Waya ulikuwa juu, umenyooka, vikombe vyeupe vinang'aa, haugusi hata mdudu. Majani yaliyoungua nilikuwa nimeyang'oa mwenyewe. Sijawahi kufunga antena nzuri kama ile, na ilisimama pale ikishuhudia dhidi yangu.

Mzee mmoja akasema taratibu, "Binti, hapa hapana kitu."

Stanley aliniangalia kwa mara ya kwanza, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyekata tamaa. "Acha, Mama Princess," alisema. "Umejitahidi. Nenda nyumbani."

Hapo ndipo hasira zangu zikanifaa. "Siendi," nikasema. "Nimeutengeneza kwa siri, sasa nitauharibu mbele yenu."

Nikavifungua vile vikombe. Nikautoa mpira mkobani, nikaufunga palepale ulipokuwa, nikaishusha nguzo, waya ukalala tena kwenye majani, safari hii kwenye shina bichi. Nikaingia banda la magari la Stanley nikatoka na taa ndefu ya tyubu, ile nyeupe ya dukani, haijaunganishwa na chochote. Nikaishika mkononi kama fimbo, chini ya kivuli cha migomba, hatua moja kutoka kwenye ncha.

"Agnela," nikapaza sauti. "Bonyeza, uhesabu moja mpaka kumi. Polepole."

Dirishani ikasikika sauti yake: moja. Taa ikawaka mkononi mwangu. Akanyamaza, ikazima. Mbili, ikawaka. Ilikuwa inawaka na kuzima kwa mdomo wake, na mzee mmoja akalitaja jina la Bwana, akarudi nyuma mpaka akakanyaga wenzake.

Abdiel hakurudi nyuma. "Taa si jani," alisema.

Alikuwa na haki. Nikamwomba ainame aangalie ncha. Jani lilikuwa na matone ya mvua ya mchana, na kila Agnela alipotaja namba lilitoa sauti ndogo ya mafuta yanayokaanga, kisha kamoshi kembamba. Tano. Sita. Doa jeusi likajitokeza mbele ya macho yake, lile lile la kwenye gazeti. Na kabla sijamzuia, Abdiel, mzee wa kanisa, mtu wa miaka sitini na mbili, akanyoosha kidole akagusa.

Aliruka kama mbuzi. Nikampigia kelele Agnela aache. Palinuka harufu ya ukwato ulioungua, na kwenye ncha ya kidole cha shahada palikuwa na doa jeupe, dogo kama punje ya uwele, lililozama ndani ya ngozi. Umeme wa namna hiyo haukupigi, unakuchoma, na unachoma kwa ndani. Alilitazama doa lile muda mrefu.

"Kwa hiyo si oili," alisema mwishowe.

"Si oili, baba. Wala si majivu. Ni mimi."

Nikachuma jani la isale, lile bichi kuliko yote, nikalifunga fundo, nikampa kwa mikono miwili nikiwa nimepiga goti kwenye tope. Sikuwahi kumpigia goti Mmachame maishani mwangu, kwa ugomvi wa kale wa Kibosho na Machame, na marehemu babu yangu, Mungu ailaze roho yake, naamini amenisamehe. Abdiel alilipokea. Akaniinua. Mpaka leo Wamachame wa Maji ya Chai wakiniona wananiita Mama Moto, nami nawajibu kwamba wao kidole chao kiliungua kwanza.

Lakini Abdiel hakuishia hapo. Aligeukia masale, akachuma jani la pili.

"Wewe umekosea miti," aliniambia. "Mimi nimemkosea mtu. Nimemwita mwizi mbele ya mama yake."

Akajaribu kulifunga. Jani la isale ni nene na linateleza, na kidole chake kilikuwa kimekufa ganzi. Likamponyoka. Akalirudia, likamponyoka tena. Mzee mzima amesimama kwenye mpaka wa baba yake, anahangaika na jani, machozi yanamtoka na hana mkono wa kuyafutia. Mimi nilitaka kumsaidia, mzee mmoja akanigusa bega: hilo si langu.

Stanley akatoka katikati ya wazee. Alitembea mpaka pale, pole pole, akashika ncha ya pili ya jani.

"Shikilia hapo kaka," alisema. "Mimi nazungusha. Haya, vuta."

Wakavuta wote wawili, fundo likakaza. Hakuna aliyemkabidhi mwenzake, maana kila mmoja alikuwa ameshika upande wake, na sijaona mtu aliyewaambia waliachie. Stanley alisema kitu kwa Kimachame, chini kwa chini. Nilichokipata ni neno moja tu, majivu, na Abdiel akatikisa kichwa kwamba yameisha.

Baadaye Abdiel akaniuliza, bila kunitazama, akiutazama mgrevilea wake ule, "Huo waya ulikuwa unataka nini zaidi ili usiwe na sumu hii?"

"Hatua sita, baba. Nikipata sita kila upande, koili natupa. Na ncha inakaa juu ya mti, mbali na watu."

"Uvushe," alisema.

Kutoka kibarazani ikasikika sauti ambayo nilikuwa sijaisikia tangu asubuhi, kavu na yenye amri. Bibi Hanna alikuwa amekishika kile kikombe, anakiinamisha kumwaga ile chai kwenye maua.

"Hii imeganda," alisema. "Nani ananipa nyingine?"

Wanawe wote wawili wakageuka kwenda jikoni.